Maneno Ambayo Baba Hakuyaandika

Gari la mzigo likishusha vipuri dukani kwangu, boksi la kwanza nalikata mwenyewe. Vijana wangu wanadhani ni ubahili, kwamba naogopa watakwapua plagi. Ukilikata boksi kwa mkasi, kabla harufu ya grisi haijatoka, hutangulia harufu ya karatasi ngumu, kavu, yenye vumbi kidogo na gundi kidogo, na kwa muda mfupi sipo tena Babati stendi kati ya bajaji na kelele zake. Niko sebuleni kwetu, nina miaka kumi, na baba ananiambia, "Vero, kata sawa. Kikadi kisipokuwa na kona nne hakikai kwenye droo." Vijana sijawaambia haya. Nawaambia ninyi mnaosoma, kwa kuwa hamtanitania kesho asubuhi nikifungua duka.

Utoto wangu ulikuwa wa kukata maboksi. Tuliyaokota kwenye maduka ya sokoni, ya sabuni, ya biskuti, ya majani ya chai, tukayakata vikadi vya ukubwa wa kiganja, na kwenye kila kikadi baba aliandika neno moja la Kigorowa, lugha yetu. Alikuwa anatengeneza kamusi. Watoto wengine wakiulizwa baba yao anafanya kazi gani walisema dereva, mkulima, polisi. Mimi nilisema baba anasikiliza watu, na mwalimu akaniambia nikae chini.

Kazi hiyo aliitiwa na mgeni mmoja, mama wa Kiskoti aliyekaa Babati kabla sijazaliwa, ambaye alikunywa chai bila sukari na kuwatia wasiwasi wanawake wa mtaa mzima. Ndiye aliyemsimulia baba kwamba kwao Skotilandi kuna lugha yao ya tangu zamani, jirani wa Kiingereza, ambayo wenye shule waliiona ni lugha ya jikoni tu, mpaka watu wachache wakaanza kuikusanya neno kwa neno. Kila neno waliliweka pamoja na sentensi ya mtu aliyelitumia, mahali na mwaka, maana ya kale ikitangulia na ya leo ikifuata. Walioianza kamusi hiyo walikufa haijafika mwisho, wakaja wengine, nao wakazeekea kwenye herufi zao, wakaja wengine tena. Baba aliipenda sana sehemu hiyo ya kufa. Aliisimulia mezani kwa furaha, na mama akimwambia amalize chakula kwanza.

Mgeni huyo alimfundisha pia kwamba hata Kiingereza, ambacho sisi shuleni tulichapiwa viboko, hakijawahi kusimama mahali pamoja. Neno ambalo leo wanasifia nalo chai na hali ya hewa, zamani lilikuwa la kumwita mtu mpumbavu. Neno lao la msichana liliwahi kuwa la mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Na sisi je, baba alisema. Babu yake akisikia simu imekuja alianza kulia kabla hajaambiwa kitu, maana simu ya wakati wake ilikuwa karatasi kutoka posta, na karatasi hiyo haikuja kwa ajili ya salamu. Baba aliyasema haya wakati simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Babati, mji umetangazwa makao makuu ya mkoa juzi juzi, na watu wazima wanapanda kilimani na suti zao kutafuta mtandao.

Kamusi ya baba ilikuwa na masharti. Neno halikuingia droo kwa sababu mtu ameulizwa akajibu. Mtu akiulizwa, alisema baba, anavaa nguo za kanisani. Anakupa neno lililonyooshwa pasi. Ilibidi neno limtoke mtu mwenyewe, akigombeza ng'ombe, akipepeta mbaazi, akimsema jirani. Na ilibidi liandikwe pale pale. "Neno ni ugali," alisema, "ukilichelewesha linaganda." Kwa hiyo alitembea na vikadi mfuko wa shati na kalamu sikioni, na watu wa mjini walimzoea. Wengine walimkwepa. Mama mmoja wa sokoni alikuwa akimwona anakuja anahamia Kiswahili, akimaliza kupita anarudi Kigorowa.

Mama yangu naye alikuwa hivyo, ila kwa ufundi zaidi. Mapenzi yake yote kwa baba aliyasema kwa Kigorowa. Akitaka kugombana naye, aligombana kwa Kiswahili, ili asiandikwe. Mimi nilijua hali ya nyumba kabla sijafika mlangoni, kwa kusikia tu ni lugha ipi inatoka dirishani. "Nyumba hii hata ukikohoa unawekwa kwenye droo," mama aliwaambia wageni, na baba alicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Zilikuwepo droo nzima zenye jina la mama kama msemaji, na kwa siri nadhani alijivunia.

Mama alikufa wakati wa palizi. Aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akarudi amepungua, akapelekwa tena. Siku aliyorudi mara ya mwisho alirudi ndani ya jeneza, na mimi sikulia. Ningependa kuwaambia nililia, lakini ndani yangu hakukuwa na kitu chochote. Wanawake walinipakata mmoja baada ya mwingine, wakaniloanisha kwa machozi yao, na mimi nikawa naangalia vifungo vya blauzi zao. Niliona kila kitu vizuri mno. Niliona sufuria la pilau limeungua upande mmoja. Niliona baba amevaa koti la harusi, na kwamba naye halii.

Tulimzika Sigino, kwenye shamba letu, hatua chache kutoka nyumba ndogo ambamo baba alizaliwa na mama alianzia kupika alipoolewa. Mchanga ulipokuwa unatupwa, Bibi Marselina, shangazi yake mama, mwanamke mrefu wa Bonga ambaye alikuwa haongei sana, aligeuka akaitazama ile nyumba akasema jambo kwa Kigorowa. Alisema kwamba nyumba hii sasa imekuwa hivi, na akatumia neno.

Neno lenyewe sitaliandika hapa, mnisamehe. Vijana wa Kigorowa wa wakati ule walilitumia kwa simu iliyoishiwa chaji. Unapiga, haipatikani, unasema imekuwa hivyo, basi. Lakini baba alikuwa ameambiwa na wazee kwamba mwanzo lilikuwa neno la jiko: jiko la nyumba ambayo mama mwenye moto amekufa, na hakuna aliyewasha tena. Walimwambia kwa kuulizwa. Hakuna aliyewahi kulisema mbele yake bila kuulizwa, na lingesemwaje? Ili lisemwe ilibidi mwanamke afe. Alikuwa amelisubiri kwa miaka, kama ambavyo mtu husubiri mvua, bila kufikiri itamnyeshea nani.

Niliuona mkono wa baba ukienda mfukoni mwa koti. Nikajua. Nilitamani kuushika, nikaishia kuuangalia. Akatoa kikadi, akatoa kalamu, akaandika, amekiegemeza kikadi kwenye mshipi wa suruali, mbele ya kaburi la mke wake. Na kwa sababu vilio vilikuwa vimefunika mwisho wa sentensi, akamwinamia Bibi Marselina akamwuliza kwa adabu kabisa, "Shangazi, hapo mwisho ulimaliziaje?"

Kelele zilinyamaza upande mmoja wa kaburi, kisha upande wa pili. Bibi Marselina alimtazama, akarudia. Baba akaandika. Mchungaji akaanza wimbo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Matanga yalipoondolewa, ndugu wa mama wakaketi sebuleni kwetu kuzungumza habari yangu. Ni kawaida, mtoto akifiwa, ndugu hukaa wakaulizana atalelewa wapi, na mara nyingi ni mazungumzo mafupi. Haya hayakuwa mafupi. Mjomba Safari, kaka yake mama, ndiye aliyeongoza kikao, mtu mpole mwenye kupenda mambo yaishe. Mama Gwandu, dada mkubwa wa mama, alikuwa amekuja kutoka Kibaya, alikoolewa na kuuza mitumba, na alikuwa hajala tangu siku ya mazishi. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na droo. Nilijua wananigawana, na nilisikiliza kama ni habari ya mtoto wa jirani.

"Baba Vero," Mjomba Safari alisema, "hatukuja kukuhukumu. Tumekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mimi nimekuja kumhukumu," Mama Gwandu alisema. "Mdogo wangu yuko shimoni, mwanamume anaandika. Na bado anamwambia shangazi arudie! Mtu wa hivyo atamwona mtoto akiwa na homa?"

"Shemeji, mtoto namwona," baba alisema.

"Unamsikia. Kumwona ni kitu kingine."

Mjomba Safari aliinua mkono. Alimwambia baba kwamba jambo hili ni dogo, kila mtu anajua mwenye msiba hana akili zake, aseme tu kwamba amekosa na hataandika tena mbele ya watu, kikao kifungwe, mtoto abaki kwa baba yake. Nyumba nzima ilimsubiri. Hata mimi, ambaye sikuwa nasikia kitu ndani, nakumbuka nilihesabu kwamba ni maneno machache sana, na kwamba baba anayo maneno mengi kuliko mtu yeyote Babati.

"Kwamba nimekosa, nimekosa," baba alisema. "Lakini nikisema sitaandika tena nitakuwa nawadanganya. Mtu akisema, mkono unakwenda."

"Basi mkono wako ukae na droo zako," Mama Gwandu alisema. "Vero, panga nguo."

Nikapanga nguo. Baba alinisaidia kukunja sketi ya shule, akaikunja vibaya, nikaikunja upya. Hakusema nibaki. Kwenye basi la Kibaya nilikaa dirishani, na nilichokisikia kilikuwa ubaridi wa kioo kwenye paji la uso. Amechagua droo, nilijiambia. Wala haikuniuma. Mtu akiniuliza leo kuumia ni nini, namwambia ni afadhali kuliko kutoumia.

Kibaya nililelewa vizuri. Hilo lazima niliseme, kwa sababu Mama Gwandu yuko hai na angenigombeza. Alinilisha, alinisuka, alinipa magauni ya kwanza kabla mteja hajayaona. Nilisoma na watoto wa Kimaasai waliokuja shuleni wametembea kutoka mbali, wakanifundisha kusalimia wazee wao kwa kuinamisha kichwa, na mimi sikuwafundisha kitu. Nyumba ile iliongea Kiswahili tu. Kigorowa changu kikaanza kuondoka, taratibu, kama joto linavyoondoka kwenye chai, na sikukizuia. Mama ndiye aliyekuwa mwenye lugha. Bila yeye sikuona inanihusu nini. Niliamka, nilikula, nilifagia, nililala. Mama Gwandu aliniombea sana kwa sababu sikuwa msumbufu, na hilo lilimtia hofu.

Baba alikuja mwaka wa pili, mvua za masika zilipokwisha. Niliingia kutoka shule nikamkuta kwenye kiti cha mgeni, amekonda, viatu vina udongo mwekundu wa njiani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Vero. Hujambo?"

"Sijambo."

Mama Gwandu alileta chai na maandazi, akaketi mbele yake, na kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baadaye. Aliacha Kiswahili. Alianza kuongea Kigorowa, tena si cha kawaida, ila kile cha mama yao, cha kikongwe wa zizini, maneno ambayo mimi sikuyajua na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajayatamka tangu aolewe. Alizungumzia ng'ombe fulani wa utotoni mwao. Alitaja rangi za ng'ombe huyo, moja baada ya nyingine, kila moja ina jina lake. Alitaja namna maziwa yanavyolala kwenye kibuyu. Alisema polepole, kwa utamu, na macho yake yote mawili yalikuwa kwenye mfuko wa shati wa baba.

Alikuwa anamtega, na baba alijua.

Mfuko ulikuwa mtupu. Sikioni hakukuwa na kalamu. Nilikuwa sijawahi kuliona sikio lake likiwa wazi, lilikuwa na alama mahali kalamu ilipozoea kukaa. Alikunywa chai. Mama Gwandu akaongeza neno jingine, na jingine, na mimi nikaona vidole vya baba vimeshika goti lake, vimelishika sana, kitambaa cha suruali kimejikunja chini yake. Alimeza andazi bila kutafuna. Akasema, "Chai nzuri, shemeji. Umeweka tangawizi?"

Mama Gwandu alitazama nje, kwenye kamba ya mitumba, kwa muda. Aliporudisha uso, alirudi na Kiswahili chake cha kila siku, na sauti ilikuwa imechoka. "Chukua mtoto wako, Baba Vero," alisema. "Na umle vizuri, anapenda wali." Alikuwa amechanganyikiwa, alitaka kusema umlishe. Hakuna aliyecheka.

Nilirudi Babati na baba. Droo zilikuwa zimefungwa kwa kamba za katani na kusukumwa chumba cha nyuma, na juu yake kulikuwa na magunia ya mbaazi. Baba alikuwa amerudia shamba la Sigino. Wale wa mradi wa kamusi, watu wachache waliokuwa wakimletea wino na kumpa moyo, walikuja wakakaa naye barazani, na nilimsikia akiwaambia, "Nimechoka. Tafuteni mwingine." Walitafuta. Mwingine hakupatikana, au alipatikana akakaa kidogo akaondoka. Mambo yakaisha hivyo bila mtu kutangaza.

Mimi niliamini amechoka. Ningeaminije kingine? Kila mtu anachoka, na alikuwa na sababu. Baba wa baada ya Kibaya alikuwa baba mzuri. Alipika, akaunguza, akajifunza. Alikuja shuleni siku za wazazi, mikono mitupu. Kidogo kidogo, sijui ni lini, nikaanza tena kusikia vitu, njaa kwanza, halafu hasira, halafu vingine. Tuliongea Kiswahili mimi na yeye, kwa kuwa Kigorowa changu kilibaki Kibaya na yeye hakunilazimisha. Wazee walikuwa wakifa, Bonga, Sigino, kando ya ziwa, na kila msiba alikwenda. Alirudi jioni akaketi bila hata kuvua viatu. Nilimpelekea maji, nikidhani ni jua.

Mwaka jana alikufa Bibi Marselina, ameishi mpaka wajukuu wa wajukuu. Nilifunga duka nikaenda Bonga na baba, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na kunishika bega. Tulikaa kwenye benchi la kanisa lililotolewa nje. Mwanamke mmoja mzee, mbele yetu, alimwambia mwenzake kitu kwa Kigorowa kuhusu marehemu, na katikati palikuwa na neno nisilolijua. Nikamwuliza baba.

Alinieleza kwa kunong'ona, na nilisikia sauti yake ikibadilika, ikawa ya mtu kijana. Zamani lilisemwa kwa mti unaoachwa shambani wakati mingine inakatwa, ili watu wapumzike kivulini. Baadaye likawa la mzee anayebaki wakati rika lake limekwisha. Siku hizi, alisema, vijana wanalitumia kwa chenji iliyobaki mfukoni. Alizipanga maana hizo kwa mpangilio ule ule wa zamani, ya kale mbele, ya leo nyuma.

"Hilo uliliandika?" nilimwuliza.

"Hapana."

"Kwa nini? Si lilikuwepo siku zote?"

"Nililisikia msibani kwa mtu," alisema. Alifikiri kidogo, kama anayetafuta mwaka wa kuandika. "Ulikuwa umesharudi nyumbani."

Alilisema bila uzito wowote, kama mtu anayekuambia basi la mwisho lilishaondoka. Kisha akageuka kusikiliza wale wanawake.

Nilikaa pale kwenye benchi. Kumbe hakuchoka hata siku moja. Alikwenda kwenye misiba ile yote na masikio yaliyo wazi, akasikia kila kitu, akaketi juu ya mikono yake, neno baada ya neno, kikongwe baada ya kikongwe, kwa sababu siku moja pale Kibaya alikuwa ameonyesha mkono usiokwenda, na akaona kwamba kwa mkono huo mtoto anarudishwa. Kamusi yake imekomea pale nilipoteremka kwenye basi la kurudi Babati. Wale wa Skotilandi walikufa wakaachiana kazi. Yeye aliiacha akiwa hai, na yule ambaye angeipokea ni mimi.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwa lugha ya mama, ile ambayo ndani ya nyumba yetu ilikuwa ya mapenzi. Nikatafuta maneno, na sikuyajua.